Maana ya O'Hara

Hadi leo nikisikia harufu ya rasta zikichovywa kwenye maji ya moto, hasira zinanipanda. Ni harufu ya saluni ya mama, kule Fordsburg, mtaa wa wahamiaji, nilikochekwa utoto wangu wote kwa sababu ya jina.

Naitwa O'Hara. Haya, cheka kwanza, umalize. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya, akaniachia jina hilo la Kiayalandi ambalo masikioni mwa Waswahili ni ugonjwa wa tumbo. Furaha, Mkongo aliyesuka pamoja na mama, hakuchoka nalo: "Ohara! Mutoto anahara tena? Mumupatie maji ya chumvi!" Wateja wanaangua kicheko, na mama yangu mzazi, mtu wa Kigoma, naye anaficha mdomo kwa kitana. Jamani!

Siku moja mwalimu akatuagiza kila mtoto aje aeleze maana ya jina la ukoo wake. Nikaona nimepata pa kupumulia. La mwenzangu wa dawati, Mrundi, lilikuwa na Mungu ndani yake. Langu lisingekosa japo simba. Nikamuuliza mama, hajui. Nikalia, nikagoma kula. Aliyejua alikuwa mmoja tu: babu mzaa baba, Mzungu wa Midrand, ambaye hakukanyaga harusi ya wazazi wangu wala hakuwahi kunibeba.

"Mtoto akililia wembe, mpe," mama akasema. Akafuta mafuta mikononi, akapiga simu, akaweka spika.

Mzee alikohoa kwa muda. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba hiyo O maana yake ni mjukuu. Mjukuu wa mtu fulani wa kale. Na jina la huyo mtu lina maana gani, nikadakia? Hakuna anayejua kwa hakika, alisema.

"Mjukuu," mama akasema kwa Kiswahili. Kisha tena, polepole: "Mjukuu, amesema."

Nilipandwa na mori. Mjukuu tu? Wenzangu wana Mungu, mimi nina marehemu asiyejulikana! Eish! Nikampigia mama kelele aache kunitafsiria, Kiingereza nakijua kuliko yeye. Alikaa kwenye kiti cha wateja, machozi yanamtoka, na Furaha amemshika bega wala hacheki.

Nilidhani jibu limemuudhi yeye pia. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikang'amua kwamba mama hakuwa akinitafsiria. Tangu nizaliwe alikuwa akilisubiri neno hilo litoke kinywani mwa mzee yule.