Kisanduku cha Pili

Fomu ile niliitunga mimi, na niliipenda kupita kiasi. Kabla yake, katika ofisi yetu ndogo pale Iringa, mradi ulipita kwa kubahatisha: ukimkuta bosi anakunywa chai na anacheka, umepata, ukimkuta amenuna, utarudi na wazo lako mwakani. Nilichoshwa na upuuzi huo. Nikaandika karatasi moja yenye visanduku vitatu. Cha kwanza, mwenye wazo anaeleza anachotaka. Cha pili, mfanyakazi mwingine, siyo yeye, anakwenda kuliona eneo kwa macho yake, anaandika tarehe na kusaini. Cha tatu, bosi anaidhinisha. Basi. Bosi alinipongeza mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Wa kwanza kuijaza alikuwa dada mmoja wa ofisini, mzaliwa wa Ilula, mkubwa kwangu kwa umri. Alitaka banda, nguzo na mabati tu, kando ya barabara kuu, kwa akina mama wanaouza nyanya na vitunguu. Marehemu mama yake aliuzia pale pale maisha yake yote, jua lake, mvua yake. "Mdogo wangu," aliniambia, "nataka nilione hilo banda kabla sijastaafu." Kisanduku cha pili nikajipangia mwenyewe.

Ilula si mbali, saa moja tu kwa gari. Lakini wiki ile niliitwa kikaoni Mbeya, iliyofuata, Chimala, kisha mvua, kisha sijui nini. Ukweli ni kwamba nilikuwa napiga kalenda. Siku moja akanifuata mezani. "Jamani, mimi Ilula naijua kama jiko langu. Si nisaini tu hapo?"

Nikawaka. "Dada, utaratibu ni utaratibu! Mwenye mradi hajikagui mwenyewe!"

Ofisi nzima iligeuka. Yeye akacheka. "Haya, bwana mkubwa. Nakusubiri."

Kisha akaanza kukonda. Alipopelekwa hospitali Mbeya tukaambiwa ni kansa, na imeshasambaa. Alhamisi moja mchana akanipigia simu kutoka kitandani. Sauti ilikuwa imeisha kabisa, na ugonjwa hakuutaja.

"Ilula ulifika?"

Mungu anisamehe. Nilimjibu, "Nilifika, dada. Juzi."

"Akina mama uliwaona?"

"Niliwaona. Wanakusalimia sana."

"Asante, mdogo wangu," akasema. Nikaapa moyoni kwamba Jumatatu nitakwenda, bila kukosa. Jumapili tukapokea taarifa ya msiba.

Kwa hiyo siku nilipofika Ilula kwa ajili yake, nilikwenda kumzika. Ofisi ilinichagua nisome salamu za rambirambi, mimi huyo huyo. Nilipofika kwenye neno "mwenzetu" nikakwama, machozi yakanishinda, mpaka mchungaji akanishika bega. Tulipomaliza kufukia, kabla hata sijanawa mikono, mama mmoja wa makamo akanisogelea.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe. "Wewe ndiye wa fomu?"

"Kamwene, mama. Ndiye mimi."

"Alhamisi jioni alitupigia. Akauliza kama kuna mgeni wa ofisini aliyekuja kuona pale tunapouzia. Tukamwambia hapana, hatujaona mtu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alijua! Alikufa akijua kwamba nilimdanganya.

"Akasemaje?"

"Akasema tusikulaumu, utakuja tu. Na ukija, tukuonyeshe pale alipokuwa anakaa mama yake."

Akanishika mkono, tukashuka hadi barabarani. Palikuwa na mawe matatu, matenga ya nyanya na turubai lililochanika. "Ni hapa," akasema. Fomu ilikuwa kwenye begi tangu siku aliponikabidhi. Niliiweka juu ya tenga, na kwenye kisanduku cha pili nikaandika tarehe ya mazishi yake, nikasaini. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mikononi, karatasi ikachafuka.

Bosi alipoiona akaniambia niandike nyingine, iliyo safi. Nilikataa, mimi niliyekuwa nawarudishia watu fomu kwa doa la chai. Akasaini hiyo hiyo.

Banda lipo sasa. Kila nikipita pale nasimamisha gari, nashuka, na kusema kwa sauti ndogo, "Nimefika, dada."