Siku saba ambazo Leonsia hakuzijaza

Saa tatu kamili asubuhi, Leonsia Muganyizi anavua kandambili, anashuka mawe matatu na kusimama ndani ya maji ya Ziwa Victoria, jijini Mwanza. Mbele yake kuna ubao mrefu wenye namba, umesimikwa kwenye zege. Hana haraka. Anasubiri wimbi lipande, anasubiri lishuke, kisha anachukua namba ya katikati.

Anaandika kwa penseli. "Wino ukilowa unakimbia na namba zako," anasema. Halafu anazamisha kipimajoto, anasubiri dakika mbili, anaandika tena.

"Shikamoo, mama Sharon! Ziwa limeamkaje?" anauliza Masele, muosha pikipiki wa jirani.

"Marahaba. Limepanda sentimita moja. Na wewe acha kuliongezea maji."

Masele anacheka. Mazungumzo hayo, kasoro namba, huwa hivyo kila siku.

Leonsia ana miaka 57, mzaliwa wa Muleba mkoani Kagera. Mwaka 1996 alikuwa mfagizi katika ofisi inayosimamia kituo hiki cha kupima kina cha ziwa. Msomaji wa zamani wa ubao alipostaafu, hakuna aliyeitaka kazi ya kulowa miguu kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Akaichukua yeye. Posho yake haifiki laki mbili kwa mwezi, hivyo jioni huuza kahawa nyumbani kwake Buzuruga.

Bahari hajawahi kuiona. Lakini madaftari yake 29 yenye jalada gumu, moja kwa kila mwaka, ndiyo yanayowasaidia watu kuielewa.

Dk. Nusrat Iqbal, mtafiti wa hali ya hewa aliyekulia Mirongo, hapa hapa Mwanza, anaeleza kwamba upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko kawaida, mvua za vuli huzidi huku kwetu na ziwa hupanda. Ilikuwa hivyo mwishoni mwa 1997, na tena mwishoni mwa 2019.

"Bahari hubadilika yenyewe, tena polepole," anasema. "Upepo, chumvi, jua, hata majivu ya volkano vinaisukuma. Joto lililozama chini linaweza kukaa miongo kadhaa kabla ya kurudi juu. Ukiwa na kumbukumbu za miaka mitano tu, huwezi kujua kipi ni tabia yake na kipi tumekisababisha sisi. Hata thelathini ni michache, ila ni pa kuanzia."

Na hapo ndipo Leonsia alipopata hofu. Mwaka jana ofisi ilitangaza kwamba mashine itachukua nafasi ya ubao. Madaftari yangeunganishwa na namba za mashine iwapo tu Dk. Nusrat angeyaamini. Yasipoaminika, yangebaki stoo, na miaka yote hiyo ya kulowa ingekuwa kazi bure.

Leonsia alijua doa lilipo. Novemba 2019, mvua zikiwa zimepamba moto, mumewe Alexander alifariki. Alikwenda kumzika Muleba na kukosa siku saba. Aliporudi, msimamizi wake wa wakati huo alimwambia, "Mama, jaza tu namba za kuunganisha hapo katikati. Nani atajua?"

Alikataa. Alichora vistari saba na kuandika pembeni: *Sikuwepo. Msiba.*

"Alisema ataniondoa kazini," anakumbuka. "Nikamwambia niondoe, lakini siku hizo mimi nilikuwa kaburini kwa mume wangu. Nitasemaje nililiona ziwa?"

Hakuondolewa, ila kwa miaka mitano aliamini ameharibu kumbukumbu katika msimu ule ule uliohitajika zaidi. Dk. Nusrat alipofungua daftari hilo, Leonsia alianza kuomba radhi.

Mtafiti alimzuia. Alikuwa ametoka kukagua daftari la kituo kingine, safi, lisilo na pengo hata moja. Novemba ile maji yake yalipanda sentimita moja kila siku, bila kukosea, mwezi mzima.

"Ziwa halipandi ngazi," anasema. "Lile nililiweka kando. La mama Leonsia nililichukua kwa sababu ya vile vistari. Anayekubali kuandika kwamba hakuwepo, namwamini anaposema alikuwepo."

Leonsia alilia siku hiyo, na hafichi.

Mashine ilifungwa wiki iliyopita. Kwa mwaka mzima itasoma sambamba naye ili namba zake ziungane na za madaftari. Mwezi wa sita mwakani atatimiza miaka thelathini, kisha apumzike na kahawa yake.

Fundi Josephat alipomaliza kuifunga, Leonsia alikuwa na swali moja tu.

"Mwanangu, betri ikiisha, hii inaandika nini?"

"Haiandiki kitu, mama. Inaacha wazi."

Leonsia aliifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake.

"Basi tutaelewana."