Mbavu za Mwaitu

Enzi zetu huko Matiliku, kuamua kitu cha kuchoma hakukuhitaji mkutano. Ulichoma ulichonacho: kiazi kitamu kilichofukiwa kwenye majivu, hindi bichi uliloiba shamba la jirani, na njiwa akipatikana, siku hiyo wewe ni mfalme. Tulikula na majivu yake na tumbo halikulalamika. Watoto wa siku hizi ukiwapa kiazi chenye vumbi wanakitazama kana kwamba umewapa jiwe.

Desemba iliyopita ndugu yangu Mutua alileta nyumbani jiko la stima linalokula mbao iliyosagwa na kubanwa vipande vidogo vidogo, kama chakula cha sungura. Unaliambia moto uwe kiasi gani, nalo linatii. Marehemu Baba angeliona, angeita mchungaji aliombee. Tulikaa asubuhi nzima tukibishana tupike nini. Mutua alitaka kuku mzima. Mwanawe Kevo, simu mkononi, alitaka pizza yenye mananasi. Mimi nilitaka mbuzi, kwa sababu nina akili.

Kwetu mbuzi wa Krismasi alikuwa na sheria zake. Wanaume walichoma mbavu nyuma ya boma na kuzimaliza hapo hapo motoni. Wanawake walipelekewa jikoni matumbo na mifupa ya supu. Nilipofikisha miaka kumi niliruhusiwa kukaa na wanaume, nikajiona mtu mkubwa sana. Mafuta yalichuruzika hadi kwenye kiwiko, nami nikayalamba, huku Baba akinihimiza, "Kula haraka, kabla mama yako hajakutuma maji."

Mutua ndiye aliyekumbuka kwamba Mwaitu, mama yetu, alikuwa amekaa hapo kando akichambua mbaazi, na hakuna aliyemuuliza.

"Mwaitu, wewe unataka tukupikie nini?"

Hakuinua kichwa. "Mbavu. Zile mlikuwa mnakula huko nyuma na baba yenu. Mimi sijawahi onja."

Nilitamani ardhi inimeze. Kevo, ambaye haoni aibu ya chochote, akamcheka nyanya yake. "Lakini Susu, si hauna meno?"

"Kwani nimekuomba yako?"

Tukaziweka mbavu kwenye moto mdogo kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni. Niliomba stima isipotee kwa bidii ambayo mchungaji wetu hajawahi kuiona kwangu kanisani. Haikupotea. Nyama iliachana na mfupa yenyewe, na Mwaitu akaila polepole kwa ufizi, mafuta yakimshuka kidevuni.

Alipomaliza ubavu wa tatu alinitazama. "Hii ndiyo baba yenu alikuwa anasema ni ngumu, haifai wanawake?"

Huwa nawahubiria kina Kevo kwamba zamani kulikuwa kutamu kuliko sasa, na bado naukumbuka moshi ule wa nyuma ya boma kwa hamu. Lakini siku hiyo nilimtazama mama yangu akilamba vidole, nikamwongezea ubavu wa nne. Kulikuwa kutamu, ndiyo. Ila mimi nilikuwa nimekaa upande wa mbavu.