Riwaya Niliyoisoma Mchana

Mwaka niliomaliza chuo, kule Uganda, nilirudi nyumbani Ruangwa kusubiri barua ya kazi, na barua haikuja. Nilisubiri vibaya. Asubuhi nipo shambani, saa nne nimelichoka shamba, kesho yake nimepanda baiskeli kwenda Nachingwea, nusu siku ya vumbi, kuuliza posta kama kuna chochote chenye jina langu. Karani alinizoea hata akawa anatikisa kichwa kabla sijashuka.

Nachingwea yenyewe ilikuwa inafungasha. Mradi wa karanga ulikuwa umeshindwa, matrekta yamepangwa mistari kwenye majani, na Wazungu waliokuwa wakiondoka walikuwa wakigawa na kuuza viti, mabeseni, vyandarua. Mmoja wao aliniona nimeinama juu ya sanduku lake la vitabu nikisoma nikiwa nimesimama. Alinitazama kidogo, akasema nilichukue lote ikiwa naweza kulibeba. Nikalifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mkonge, nikalisukuma zaidi ya nilivyopanda.

Zilikuwa riwaya tupu, kumi na moja, nyingi zikiwa za miaka hiyohiyo. Nyingine za historia, nyingine za nchi ambazo hazipo.

Hizi za njozi ndizo zilizonichosha kwanza. Moja ilihusu mji ambao watu wake hulala kwa zamu, kwa sababu wote wakifumba macho kwa pamoja mji unatoweka. Wazo zuri, na kurasa hamsini za mwanzo nilizisoma bila kukaa kitako. Kisha akaingia mwana wa mfalme na upanga wake, na mwandishi akausahau usingizi wa watu. Nyingine ilikuwa na vita vya miaka mia kati ya watu wa mlimani na watu wa chini ya ziwa. Majeshi yanakwenda, majeshi yanarudi, na katika kurasa mia nne sikuona mtu mmoja akilima. Wanakula nini? Mtoto wa mkulima hawezi kuliruka swali hilo. Majeshi ya kweli yalipopita kwetu, wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, yalikula mtama hadi wa mbegu.

Za historia nilizipenda zaidi, na nilijidai kwa hilo. Nilimwandikia rafiki yangu wa chuo kwamba riwaya ya historia ina adabu ya kukubali kusahihishwa: ukisema mvua ilinyesha siku ya mapigano, yupo mtu anayeweza kukuambia haikunyesha. Anayejitungia nchi yake hana wa kumkosoa, ndiyo maana analegea. Lakini nazo zilikuwa na ugonjwa wao. Mwandishi anajua koti la kapteni lina vifungo vingapi, anajua farasi wake aliogopa nini, halafu anaandika “wapagazi mia mbili” na kusonga mbele, kama mtu anayehesabu magunia.

Moja tu haikufanya hivyo. Ilihusu vita hivyohivyo, huku kwetu kusini, na katika sura mbili mwandishi alimwacha ofisa wake akamfuata mpagazi mmoja. Niliisoma mara mbili. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, na hapo ndipo nilipokosea.

Ulikuwa msimu wa ufuta. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akipepeta uani. Mama mdogo wangu akigonga matita ya ufuta juu ya mkeka, mwanawe mchanga mgongoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kitabu.

“Msomi,” mama mdogo akaniita, “hicho kitabu kinagonga ufuta?”

“Mwache,” bibi akasema. “Mume wangu kaoa kitabu. Mimi kaniachia ungo.”

“Basi atusomee tusikie huyo mke mwenzio ana maneno gani.”

Bibi akauinua uso. “Ni ngano au ni habari?”

Swali hilo lilikuwa na maana yake. Kwetu ngano haitambwi jua likiwa juu. Anayetamba ngano mchana, mama yake huota pembe. Nikiwa na miaka saba niliuliza nani amewahi kuziona pembe hizo, nikajibiwa kwa fimbo. Sasa nilikuwa na digrii, nina wasikilizaji wawili, na sikutaka kungoja jua lizame.

“Habari,” nikasema. “Mambo ya kweli. Vita vya Mjerumani.”

Nikatafsiri papo hapo kwa Kimwera, na Kimwera kikinishinda naingiza Kiswahili. Tulikwenda hivyo siku tatu. Mpagazi yule alikuwa mtu wa kando ya mto Mbwemkuru. Alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, akabeba kwa bega la kushoto, na askari wakampiga kwa kuvuruga mstari. Mama mdogo alimcheka mpishi wa ofisa na kumtukana ofisa. Bibi aliendelea kupepeta. Siku ya tatu msafara ulifika Ruvuma, wakavuka, na mpagazi yule akazama na sanduku la risasi begani.

Ungo wa bibi ulisimama.

“Alikuwa wa mkono wa kushoto,” alisema.

“Ndiyo, bibi, ndivyo kilivyosema.”

“Kaka yangu.”

Nilijua alikuwa na kaka. Nilijua kidogo tu: kwamba alichukuliwa shambani kufanywa mpagazi, bibi akiwa tayari mama wa watoto wadogo, na kwamba hakurudi. Hakusomewa hitma. Kila mara wajomba walipotaka isomwe, bibi aliwauliza nani amemwona maiti. Jina lake pia hakupewa mtoto yeyote katika ukoo, maana bibi alisema mwenyewe yuko njiani na atalitaka.

“Bibi, lakini jina la kitabuni si la kaka yako.”

“Wazungu waliwabandika majina wanayoyataka. Kazama siku gani?”

“Hakikusema siku.”

“Basi tutamsomea Ijumaa.”

Akaenda kuoga. Alipotoka alikuwa amevaa kaniki safi, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Mama mdogo alikuwa akilia huku akimrusharusha mwanawe, akimwita kwa jina lile, kulijaribu.

Habari zikapelekwa. Mjomba wangu mkubwa, ndugu wa mama, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani kwetu, aliwatumia ujumbe ndugu wa Likunja na wa Malolo. Shehe akaambiwa. Mchele ukatafutwa. Na mimi nikapanda baiskeli kwenda Nachingwea bila sababu, nikarudi bila kufika.

Nilijiambia kila kitu. Kwamba kaka mtu amekufa bila shaka. Miaka thelathini na zaidi, nani anakaa njiani miaka yote hiyo? Kwamba hitma haimdhuru aliyekufa kwa njia nyingine. Kwamba bibi amelala vizuri siku mbili mfululizo, mama mdogo alinihakikishia. Kila hoja niliiona ni nzuri, na kila moja niliiona ni ya mtu anayekimbia. Nilikuwa mtu wa kuuliza walimu wangu ushahidi wao uko wapi, na sasa maiti wa ukoo wangu alikuwa ametoka katika sura ya kumi na nne.

Alhamisi asubuhi nilimkuta anachambua mchele.

“Bibi, yule mtu wa kitabuni ametungwa.”

“Ametungwa na nani?”

“Na Mzungu aliyeandika.”

“Alimwona wapi?”

“Hakumwona. Alibuni.”

“Na mto? Mto alibuni?”

“Mto ni wa kweli.”

“Vita?”

“Vya kweli.”

“Na ile njaa, wakala mizizi?”

“Ya kweli, bibi.”

“Kila kitu cha kweli ila kaka yangu.”

Akaendelea kuchambua kidogo, akitupa vijiwe pembeni, kisha akaumwaga mchele wote kwenye gunia, uliochambuliwa na usiochambuliwa.

“Ulinisomea mchana,” alisema. “Nikakuuliza, ukanijibu.”

Mjomba alikuja jioni baada ya kuwarudisha watu. Hakuketi.

“Wewe mpwa wangu, ungenyamaza siku moja tu. Siku moja! Mzee angesomewa, mama angepumzika.”

“Ingekuwa uongo, mjomba.”

“Uongo ulikwisha kuusema. Ulichokifanya leo ni kutunyang'anya faida yake.”

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko yote niliyofundishwa chuoni, na bado sijui alikosea wapi.

Bibi hakunisemesha zaidi ya wiki. Hakuniita mume wake, na mama mdogo hakunitania. Mtoto akaitwa tena “mtoto”. Bibi alirudi kuwa mtu anayesubiri, na nilimwona akianza upya kazi aliyokuwa ameitua kwa siku mbili. Kila baiskeli iliyopita barabarani aliinua kichwa. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo, au sikuwa nimetazama.

Siku aliyonisemesha nilikuwa nimelala kifudifudi na ile riwaya ya mji unaolala kwa zamu, nikitafuta mahali ilipoharibika.

“Yule Mzungu,” alisema, kama vile tulikuwa hatujaacha kuzungumza. “Yu hai?”

“Nadhani.”

“Ulimuuliza?”

“Nini?”

“Kama alimtunga.”

“Bibi, riwaya ndivyo zilivyo. Watu hutungwa.”

“Nimekuuliza kama ulimuuliza.”

“Sikumuuliza.”

“Basi ulijuaje?”

Nilikaa. Nilitaka kumweleza riwaya ni kitu gani, badala yake nikaifunga ile niliyokuwa nayo. Kweli nilikuwa sijui. Mara ya kwanza nilimwambia ni kweli bila kujua, mara ya pili nikamwambia ni uongo bila kujua, na mara zote mbili kwa sauti ileile ya mtu aliyesoma.

Nikaandika barua kwa mwandishi, kupitia kwa wachapishaji wake. Bibi alikaa karibu yangu akitaja mambo ya kutia: urefu wa kaka yake, kovu la moto kifundoni, kwamba aliogopa mamba na asingetangulia majini hata kwa kuchapwa. Niliipeleka Nachingwea siku hiyohiyo.

Barua yangu ya kazi ilitangulia kuja. Nilipewa ualimu palepale wilayani, na kwa hiyo jibu la Mzungu lilipofika, miezi mingi baadaye, nilikuwepo. Aliandika kwa upole. Alikuwa ofisa huku wakati wa vita. Mpagazi wa kitabuni, alisema, amemchanganya kutoka kwa watu watatu wanne aliowafahamu. Mmoja wao alibeba kwa bega la kushoto, na mmoja, hakumbuki kama ni huyohuyo, alizama Ruvuma. Majina yao ya kwao hakuwahi kuyajua, akasikitika.

Nilimsomea bibi uani, mchana, neno kwa neno, bila kuongeza langu. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

“Wale wengine,” alisema, “waliovuka wakafika ng'ambo. Walibaki huko?”

“Hakusema.”

“Na yule wa kushoto, alikuwa mbele majini au nyuma?”

“Hakusema, bibi.”

“Muulize,” alisema.

Nikaingia ndani kutafuta karatasi.