Tasi wa Makonyo

Shule niliiacha darasa la nne, na leo nina nyumba ya wageni ya vyumba saba karibu na Chake Chake, kila tofali nimelinunua mwenyewe. Nilianza na jiko la mkaa na mishikaki. Waliosoma wanakuja kwangu kuomba kazi. Nasema haya ili ujue kwamba mtu kama mimi hata akikosea, hakosei kidogo.

Mpishi wangu ni mama wa makamo, mtu wa Wingwi. Nilimchagua mwenyewe, na watu najua kuchagua. Kila asubuhi alikuwa akipita kwanza mnada wa samaki. Samaki atakayemkuta, huyo ndiye anayempangia apike nini. Akikosa kitu, anabuni. Wageni walikuwa wakimfuata jikoni kumpiga picha.

Mwaka jana nikamnunulia simu kubwa yenye akili mnemba. "Iulize hii," nikamwambia, "itakupangia kila kitu." Ikampangia kweli. Orodha yetu ya vyakula ikapendeza kama kadi ya harusi. Mnadani akaacha kwenda. Akawa anaagiza kilichoandikwa.

Kisha akaja dada mmoja wa Unguja, anayetuletea wageni. Karibu yetu ilikuwa imefunguliwa hoteli mpya, naye alikuja kuamua wageni wa msimu mzima awapeleke wapi. Akiwapeleka kule, vyumba vyangu vingelaliwa na buibui. Mchana ule akaishika orodha yetu, akacheka.

"Mzee, jana nimekula hivi hivi kwa jirani yako. Hata maneno ni haya haya. Mnaandikiwa na mtu mmoja?"

Nikaenda jikoni. Mpishi kaiinamia simu.

"Naiomba orodha nyengine," akasema.

"Iweke chini, Bi mkubwa. Pika chako."

"Changu kipi? Si weye uloniambia niulize? Nshauliza mpaka kichwa kimelala. Sasa hata chumvi naiulizia."

Nikafungua friji: samaki watano, tasi. Pembeni, tunda moja la shelisheli. Mpishi akavikagua, kisha akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Nitafutie makonyo," akasema mwisho.

Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Huuzwa yakakamuliwa mafuta. Samaki wa kuchomewa makonyo sijamwona tangu nizaliwe.

"Utatutia aibu."

"Basi kaiulize simu."

Nikaenda kutafuta makonyo. Mgeni nikamshughulisha kwa maneno saa nzima, kazi ninayoiweza kuliko yeyote kisiwani. Tasi wa kwanza akatoka mchungu, akaliwa na paka. Wa pili vile vile. Wa tatu mpishi akapunguza moshi, akampaka tui zito, na shelisheli akalichoma zima.

Alipopelekewa huyo, yule dada akaweka uma pembeni, akala kwa mkono mpaka kwenye miba.

"Hiki kinaitwaje?"

"Hakijapata jina," mpishi akajibu kutoka mlangoni. "Ndo kwanza kimezaliwa."

Wageni wa msimu huu wako kwangu. Simu nayo ipo. Inajibu barua za Wazungu vizuri kuliko mimi, na hilo silionei haya. Lakini jikoni haiingii mpaka mpishi arudi kutoka mnadani na kapu lake. Na makonyo yakimwishia, namtafutia mwenyewe, mimi mwenye vyumba saba.