Siku Tuliyochagua Uwanja wa Kutua

Nyasi zilizofyekwa jana zina harufu yake. Sisemi ile mbichi ya asubuhi. Nasema ile ya siku ya pili, zikianza kukauka, tamu kidogo kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwa kikombe. Mimi nikiikuta njiani, vijana wa kibarua wakiwa wamefyeka kando ya barabara, navuka naenda upande ule mwingine. Wajukuu wangu wanadhani naogopa nyoka. Nimewaacha wadhani hivyo, maana nyoka ni rahisi kueleza.

Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo nikiruka huku na huku mnivumilie. Haya mambo nimekaa nayo zaidi ya miaka arobaini, hayajajipanga yenyewe, na mimi sijui kuyapanga.

Baba yangu alikuwa mtu wa ndege. Hakuwa rubani, hapana. Alikuwa anaosha ndege ndogo pale uwanja wa Kisumu, anazitia mafuta kwa pampu ya mkono na kuzifunga kamba jioni. Tuliishi Manyatta, chumba na nusu, na shati lake lilinuka mafuta ya ndege hata likifuliwa mara tatu. Majirani walimwita Rubani kwa mzaha. Yeye aliitika bila mzaha.

Moja ya ndege hizo ilikuwa ya Bwana Suresh, mwenye duka la mabati mjini. Viti vinne, rangi nyeupe na mstari wa buluu. Jioni moja upepo ulitoka ziwani, ule wa kuangusha vibanda, ukakata kamba ya ndege hiyo. Baba akarukia bawa akaning'inia kama popo mpaka upepo ukachoka. Kiganja kilichanika, na alibaki na kovu lile mpaka tukamzika. Bwana Suresh alipofika akaona ndege yake imesimama na Baba ameketi chini yake, mkono umefungwa kwa tambara, alisema neno ambalo mtaa mzima ulilisikia kabla ya usiku kuingia:

"Jumapili moja, Mzee, wewe na watu wako. Asubuhi kwenda, jioni kurudi. Chagua uwanja, mimi nitatua."

Yawa! Mlango wetu haukufungwa wiki nzima. Kila mtu alikuja kutuchagulia uwanja. Kinyozi wa mtaa alisema twende Nairobi tukaone magorofa. Mzee wa kanisa alisema Kitale, kuna ndugu yake, tumpelekee salamu na turudi na mahindi. Mama alisema yeye hapandi. "Mungu angetaka nipande juu," alisema akigeuza mandazi, "hangenipa haya makalio." Basi tukabaki watatu: Baba, mimi, na Dani.

Dani ndiye nyanya yangu, mama ya Baba. Alikuwa ameletwa mjini kwa ajili ya macho. Daktari alisema mwanga unaoondoka kwa macho yale haurudi, na uliobaki ni wa miezi. Yeye hakulia. Aliuliza tu, "Miezi mingapi?" na daktari akaangalia dirisha.

Sasa, Dani alikuwa na dada mmoja aliyebaki duniani, Awino, aliyeolewa kisiwani Mfangano. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Ziwa lilichukua mume wa Dani akiwa bado kijana, na siku waliyomtoa majini Dani aliapa mbele ya watu kwamba mguu wake hautaingia tena kwenye chombo cha maji. Kwetu mtu hali kiapo kama hicho halafu akakitapika. Naye Awino nyonga ilikuwa imevunjika, hatembei. Mmoja hawezi kwenda, mwingine hawezi kuja. Halafu Mungu analeta ndege.

"Nipelekeni kwa Awino," Dani alisema. "Nione uso wake kabla hapa hapajafunga." Akagusa macho, moja halafu jingine.

Ingekuwa imeisha. Lakini Bwana Suresh alikuja na ramani yake, akaitandaza juu ya ndege, akakuna kichwa.

"Kile kiwanja cha kisiwa ni kifupi, Mzee. Nyasi, na mbele ni ziwa. Kutua nitatua. Kuondoka ndio shida. Mimi, wewe na mama, mafuta kidogo, sawa. Nikiongeza mtoto, tutaenda kuvua samaki. Na nyasi zikiwa na maji, hata mimi peke yangu siendi."

"Na tukikuta kina maji?"

"Basi twende Mara. Kule kiwanja ni kirefu, najaza tangi, nabeba wote."

Tulipimwa kwa mizani ya gunia, ile ya kuning'iniza. Dani alikaa kwenye kamba kimya kama malkia. Mimi nilipopimwa nilivuta pumzi ndani nikidhani nitakuwa mwepesi. Haikusaidia.

Sasa mnielewe, sijitetei. Nilikuwa na miaka kumi na mdomo mrefu. Darasani kulikuwa na Atieno, baba yake karani, ana viatu vya buluu. Nilipomwambia nitapanda ndege, alicheka mpaka akashika dawati.

"Wewe? Na mama yako anauza mandazi? Utapanda ndege ya karatasi!"

"Nitaenda Mara," nikasema. "Nitakuletea unywele wa simba, uweke kwa hicho kiatu."

Darasa lote lilisikia. Tangu siku hiyo nilikuwa natembea na simba mgongoni.

Habari za kisiwa zililetwa na Mama Odero, mwanamke wa kule aliyekuwa akileta samaki mjini kwa mashua kila Jumamosi. Baba alikuwa amempa ujumbe wiki mbili kabla, aende aangalie kiwanja na amwambie Awino. Jumamosi ya mwisho Baba yuko kazini, Mama yuko kwa mafuta ya mandazi, nikatumwa mimi ufuoni kuchukua jibu.

Nilimkuta anahesabu mbuta zake, magamba mpaka kwenye nyusi.

"Mwambie baba yako kumekauka kabisa," akasema. "Vijana wamefyeka jana na leo wanamaliza. Watawasha moto wa majani mabichi, rubani aone upepo. Na mwambie Dani, Awino amesema atakaa kwa kiti katikati, hata ng'ombe wakija hatatoka. Umeshika?"

"Nimeshika."

Nilishika. Nililishika lile neno kutoka ufuoni mpaka Manyatta, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto, na njia nzima nilisikia Atieno akicheka. Baba alikuwa mlangoni, bado na viatu vya kazi.

"Enhe, amesemaje?"

"Amesema kuna maji," nikasema. "Nyasi ziko ndani ya maji."

Baba aliangalia chini. Dani, aliyekuwa ameketi ndani anachambua dagaa wa omena kwa vidole maana macho hayakutosha, vidole vyake vilisimama kidogo, halafu vikaendelea.

Basi asubuhi Bwana Suresh akajaza tangi mabawa yote mawili, tukapanda watatu. Baba mbele, mimi na Dani nyuma. Baba alimwomba jambo moja tu: tupite juu ya kisiwa kabla ya kukata kwenda Mara, ili mama yake asalimie, hata kama ni kutoka mbinguni. Bwana Suresh alikubali. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulioniumbua.

Nilidhani juu kutakuwa na mawingu na malaika. Kulikuwa na kelele na baridi ya miguu. Ziwa chini lilikuwa kama sufuria kubwa iliyogeuzwa, na magugu ya maji yalianza kuonekana hapa na pale. Au yalikuja miaka ya baadaye? Yalikuja baadaye, nachanganya. Halafu kikatokea kisiwa, na moshi. Moshi mweupe, mnene, umelala upande mmoja. Ndege ikainamia upande wangu na nikaona yote kama ramani: ukanda wa nyasi zilizofyekwa, rangi ya mkate, mkavu; watu wa nguo za kanisa wamejipanga pembeni; na katikati kiti, na juu ya kiti mtu mdogo mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Lakini pamekauka!" Bwana Suresh alipiga kelele. "Nani alisema maji?"

"Mama wa samaki," Baba akajibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tua, Bwana. Tua. Mimi na mtoto tutabaki, tutarudi na mashua."

"Mzee, uzito ni mafuta. Tangi zote nimejaza. Hata nikibaki na mama peke yake, siondoki hapa na jua hili."

Alizunguka mara tatu. Zaidi ya hapo hakuweza, na mara ya tatu watu wa chini walianza kurudi nyuma kupisha, wakidhani sasa tunatua. Yule wa kwenye kiti aliinuliwa na wanaume wawili akasimama.

Dani alinishika goti. "Unaona nini, nyakwara, mjukuu wangu?"

"Naona watu, Dani."

"Na Awino?"

"Amekaa kwa kiti. Katikati ya nyasi. Ana kitambaa cheupe."

Alinyamaza. Baadaye sana ndiyo niliufikiria ule unyamavu. Kiti hakiwekwi ndani ya maji. Halafu akafungua kitambaa chake cha kichwa akaanza kupunga dirishani, kwa nguvu, akiita jina la dada yake ndani ya kelele za injini. Alikuwa anapunga kwenye dirisha la upande wake. Upande wa ziwa tupu. Kisiwa kilikuwa upande wangu.

Mkono wake ulikuwa karibu na wangu kama hiki kikombe. Ningeweza kuushika na kuugeuza. Niliogopa angesikia jinsi ninavyotetemeka, kwa hiyo nikauacha. Akapunga mpaka tukapita.

Mara tulitua. Simba sikuona. Hatukuwa na gari, tulikula mayai na mkate chini ya bawa, punda milia wakituangalia kwa mbali kama watu wa nyumba wanaosubiri wageni waondoke. Bwana Suresh alilala. Baba hakula. Shuleni nilimwambia Atieno nimeona simba watatu, na unywele ulipeperushwa na upepo.

Jumatatu Mama Odero alikuja mpaka kwetu, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alibeba kikapu: samaki mkavu kutoka kwa Awino, wimbi, na juu yake fungu la nyasi zilizofyekwa. Baba alitoka na hasira yote aliyolala nayo.

"Mama, kwa nini ulitudanganya?"

"Mimi?" Alilitoa lile fungu la nyasi akalitupa miguuni pa Baba. "Nusa! Hizo ni nyasi za maji? Mzee mzima unaniita mwongo! Nilimwambia mtoto wako kumekauka. Muulize huyo hapo!"

Nilikuwa nyuma ya mlango. Harufu ile ilinifikia kabla ya macho ya Baba. Akaanza kugeuka, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mshipi.

"Mwache mtoto," Dani akasema kutoka ndani. "Ni mimi nilimwambia aseme hivyo. Niliogopa."

"Uliogopa nini, Mama?"

"Hicho kiwanja kifupi. Niliogopa kuanguka ziwani. Nikaona haya kusema."

Mama Odero aliketi kwenye kizingiti akafunika mdomo. Baba akaachilia mshipi, akatoka nje, na nikamsikia anacheka kicheko kibaya, cha mtu aliyekuwa anataka kulia.

Ile mvua niliyoidanganya ikaja kweli, masika mazito, kiwanja kikajaa maji na samaki. Bwana Suresh akauza ndege. Kabla mahindi hayajakomaa macho ya Dani yalifunga. Mwaka uliofuata Awino akafa, na Dani alimlilia akiwa uani Manyatta, uso umeelekea ziwani, na safari hii hakukosea upande.

Baba alilifanya lile jambo kuwa hadithi yake ya kuchekesha. "Mama yangu alifukuza fisi na mwiko, lakini kiwanja cha nyasi kilimshinda!" Aliisimulia harusini, aliisimulia kwa wageni, na siku tulipomzika Dani aliisimulia kando ya kaburi, watu wakacheka huku wakifuta machozi. Mimi nilikuwa mwanamke mzima, nina watoto wawili. Nilicheka nao. Hilo la kucheka ndilo linaloniuma kuliko lile la kudanganya, maana la kwanza lilikuwa la mtoto.

Ngoja, nimekimbia mbele. Kuna miaka ile ya katikati, Dani akiwa kipofu. Alikataa kuongozwa na mtu mwingine ila mimi. Sokoni, kanisani, chooni, fimbo yake ilikuwa bega langu. Na kila mahali aliniuliza, "Unaona nini?" Mimi nikawa namwambia kweli tupu, hata vitu vidogo: mbuzi mmoja mweusi, Dani, ana kamba. Mama anayeuza nyanya amevaa viatu viwili tofauti. Alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, halafu kila mara anauliza, "Na kingine?"

"Basi, Dani. Ni hayo tu."

"Haya. Twende."

Nilidhani ni uzee, au anapenda kusikia habari. Nilikuwa nimefika umri wake wa kuchambua omena bila kuangalia ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ananifungulia mlango, kila siku, miaka kumi na mitano, na hakunisukuma hata mara moja. Siku ya mwisho kabisa pia aliuliza, sauti imebaki kama ya ndege mdogo. "Na kingine?" Nikamwambia ni hayo tu. Akasema haya, twende, ingawa alikuwa amelala na hatukuwa tunaenda popote.

Baba naye ameshaenda. Mama Odero sijui yuko wapi. Hakuna aliyebaki wa kumwambia, ndiyo maana nawaambia nyinyi. Jana wale vijana walifyeka mpaka mlangoni kwangu, sikuwa na upande wa kuvukia. Nilisimama, nikanusa.

Na kingine, Dani: uwanja ulikuwa mkavu, na Awino alikuwa upande wangu.