Mama alipohamisha kitambaa cha pesa kutoka titi la kushoto kwenda la kulia

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mtu wa Kisumu, nimezaliwa Dunga, ufukweni mwa ziwa, na samaki nilimjua kabla sijajua kusoma.

Humu huwa nasoma nyuzi za watu, nacheka, napita. Leo naandika kwa sababu wiki jana kuna dada aliuliza kama uvimbe usiouma kwenye titi ni wa kupuuza. Watu wakamjibu, "usijali, ni hormones tu, utaisha."

Nilikasirika mpaka chai ikapoa mbele yangu.

Kwa hivyo nawapa ya nyumbani kwetu, kama yalivyotokea. Sijaongeza chumvi. Chumvi ya ukoo wetu iliisha yote kwenye samaki.

Wanaume msitoroke. Nanyi mna mama, mna wake, na hata ninyi wenyewe ugonjwa huu wa titi huwapata, ingawa ni mara chache.

Twende.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla gugu maji halijafunika ghuba yetu. Nilikuwa nimemaliza shule, nauza samaki na mama yangu hapo beach. Mama alizaliwa Kisian, akaolewa Dunga, kwa hivyo wanawake wote walimwita Nyar Kisian, yaani binti wa Kisian. Jina lake la ubatizo walilijua padri na Baba tu.

Sasa, mama yeyote wa samaki wa enzi hizo alikuwa na benki moja: sidiria. Pesa ya noti na ya sarafu unaifunga kwenye kitambaa, unakaza fundo, unaingiza kifuani. Mikono ina magamba na mafuta, mkoba utauweka wapi? Na mwizi gani atathubutu kuingiza mkono hapo?

Mama aliweka kitambaa chake upande wa kushoto. Miaka yote. Mteja akitaka chenji, mkono wake wa kulia ulikwenda kushoto wenyewe, hata akiwa anagombana na mtu.

Siku moja nikaona mkono umeenda kushoto, ukasita, ukarudi, ukaingia kulia.

Kesho yake tena, kulia.

Nilipomuuliza alisema, "Hii kitambaa imenifinya hii upande. Imeacha kitu ndani hapa. Wacha ipumzike kidogo."

Na hapo, wakuu, ndipo lilipokuwa kosa letu sisi wauza samaki. Fundo lenye sarafu likikukaa kifuani kutwa nzima linaacha alama kweli. Kila mama pale beach alikuwa nayo. Kwa hivyo mtu akigusa kitu kigumu hapo, anasema ni fundo, anahamisha pesa upande wa pili, anaendelea na kazi. Kisha kwa sababu kitu chenyewe hakiumi, anaamini kinapona.

Hakiumi. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Labda na mimi ningeamini. Lakini kulikuwa na jambo la pili.

Maji ya mfereji siku hizo tuliyasikia kwa matajiri wa Milimani. Sisi tulioga ziwani. Wanaume kwao, wanawake kwao, nyuma ya matete. Jioni samaki wakiisha, akina mama walishuka pamoja na sabuni, wakasuguana migongo, na habari zote za Dunga zilipikiwa hapo. Nani ameachwa, nani ana mimba, mzani wa nani unaiba. Mama yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao hicho, bila kuchaguliwa na mtu.

Ghafla akaacha kwenda. Akaanza kuoga kwa beseni nyuma ya nyumba, mlango wa mabati umefungwa. Eti maji ya ziwa yamekuwa baridi.

Maji ya ziwa! Mwanamke aliyeoga humo tangu aolewe!

Niliogopa, nasema wazi. Lakini binti hamwambii mama yake, "vua nikuone." Kwetu hilo halisemeki. Nikafikiria nani anaweza kulisema, nikapata jibu moja: Mama Pamela.

Mama Pamela alikuwa mkaanga mbuta, yaani sangara, rika la Mama, waliolewa mwaka mmoja. Mdomo wake ulisikika mpaka Nyalenda. Nilipomweleza habari ya kitambaa na beseni, alifuta mikono, akachukua sabuni, akapanda kwetu huku mafuta yake bado yanachemka jikoni.

Mama alipomwona akaingia ndani, akasema amechoka, waonane kesho.

Mama Pamela akakaa chini, mlangoni kabisa, akanyoosha miguu.

"Nyar Kisian, leo tunaoga pamoja. Kama si ziwani, ni hapa kwako."

"Yawa, Mama Pamela, enda uangalie samaki yako. Itaungua."

"Wacha iungue."

"Ni hasara hiyo!"

"Nimesema wacha iungue. Mimi hapa sitoki."

Na kweli iliungua. Harufu ilitufikia pale juu. Watu wakaanza kumwita kutoka beach, hakugeuka hata shingo. Mwishowe Mama akafungua mlango wa bafu, wakaingia wote wawili.

Nilisikia maji. Nikasikia Mama Pamela anaongea, anatania. Halafu akanyamaza.

Sijawahi kusikia Mama Pamela akinyamaza, si kabla wala baadaye.

Akatoka, sabuni bado mkononi. Akaniambia, "Atieno, kesho asubuhi hakuna beach. Tunapeleka mama yako hospitali." Kisha akamgeukia Baba, aliyekuwa anashona nyavu pembeni. Baba ni mtu wa maneno machache. Aliweka sindano chini, akamwangalia Mama, akasema, "Enda."

Hospitali kubwa ya mjini walimpima, wakachukua kipande kwa sindano, tukangoja majibu. Ilikuwa kansa. Daktari alisema bado haijatembea mbali, lakini titi lazima litoke, na lisingojee.

Mama akasema hapana.

Wakuu, msimcheke. Mjaluo akiambiwa akatwe kiungo, jambo la kwanza anawaza mazishi, maana kwetu mtu huzikwa akiwa kamili. Mama alimuuliza daktari, "Sasa nitazikwa namna gani, nikiwa nusu?"

Daktari alikuwa kijana, Mjaluo mwenzetu, hivyo hakushangaa. Akamjibu taratibu, "Mama, wewe unaongea mambo ya kuzikwa. Mimi naongea mambo ya kuuza samaki. Nataka urudi beach."

Tulirudi nyumbani bila jibu. Jamaa wa Kisian wakaja na mizizi ya kuchemsha. Wengine wakasema ni jicho la mtu, kuna anayeonea wivu biashara yake. Mama Pamela akawaambia, "Huyo mwenye jicho nitamshughulikia mimi mwenyewe, mniachie. Nyar Kisian, wewe shughulikia titi."

Na mimi nikapata sauti. Nilimwambia, "Mama, mimi bado sijaolewa. Nani atanisindikiza?" Nililia mbele yake bila aibu yoyote.

Akasema, "Nyathina, nyamaza. Nitaenda." Mtoto wangu, nyamaza. Ndivyo alivyoamua.

Walimkata. Baadaye akapewa na vidonge vya kumeza kila siku. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, alishindwa hata kuinua sufuria, na kuna siku alikaa ameupa ukuta uso, hataki mtu.

Na ziwani hakwenda. Beseni likarudi kuwa rafiki yake.

Hadi jioni moja, nguvu zimeanza kurudi, nikamwona anachukua sabuni, anashuka njia ya matete. Nikamfuata mbio.

Wanawake walipomwona, kikao kizima kikafa.

Mama akavua gauni, akasimama, kovu lote liko nje. Akasema, "Angalieni. Angalieni vizuri, mshibe, halafu muache kunichungulia kama mtu amekufa."

Waliangalia. Mmoja akaanza kulia.

"Usilie. Paka sabuni." Mama akainua mkono wake mzima. "Mimi nilisema ni fundo ya kitambaa. Haikuwa fundo. Haikuuma hata siku moja. Sasa kila mtu apake sabuni, aguse yake. Yote mbili. Mpaka kwapani."

Na wakagusa. Akina mama wa Dunga, ndani ya maji mpaka kiunoni, kila mmoja anajisikiliza kwa vidole.

Ikawa desturi. Kila mwezi, mtu akimaliza siku zake, anapaka sabuni na kujipima. Waliokwisha kuacha kupata siku zao walichagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Bila aibu waliulizana, "Umegusa?" Mmoja alipata kijiuvimbe, wakampeleka hospitali wakiimba njia nzima, kikawa uvimbe wa kawaida tu. Walicheka siku hiyo mpaka wakasahau bei ya omena, dagaa wetu.

Mama alirudi beach. Siku ya kwanza mteja akampa noti, akataka chenji. Sote tukamwangalia mkono. Ulikwenda kushoto, moja kwa moja, kwenye ile nafasi tupu ya sidiria, ukatoka na kitambaa.

"Nini?" akatuuliza. "Benki imepanuliwa."

Alinisindikiza nilipoolewa. Aliwabeba wajukuu. Alifariki uzeeni, kwa mambo mengine, na tulimzika akiwa kamili, si nusu. Anayebisha aje nimwonyeshe kaburi.

Mimi si daktari. Nililojifunza ni hili: ijueni miili yenu ikiwa mizima, ndipo mtamjua mgeni akiingia. Uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyojivuta ndani au inayotoa kitu, mtu aende clinic. Uvimbe mwingi si kansa, ila mwenye kukuambia hivyo awe amekupima, asiwe mtu wa comments kama mimi. Na kutouma si kupona.

Siku hizi pesa iko kwa simu. Hakuna kitambaa cha kuhama upande kikamshtua binti yako. Kimebaki kidole chako na sabuni.

Wenye yaliyowakuta kama haya waandike hapa chini, hata wanaume. Anayetaka kubisha naye abishe, nitamjibu.

Ila wewe dada wa wiki jana, uliyeambiwa ni hormones. Nimekutumia ujumbe, hujajibu. Basi nakwambia hapa mbele ya wote: nenda ukapimwe, kisha urudi uandike kwenye uzi huu kwamba umetoka huko.

Mpaka uandike, mimi nimekaa mlangoni pako, miguu nimenyoosha. Samaki wacha iungue.